Kibati Kidogo Chenye Neno Kubwa: Uzito wa Mzigo Katika Magari ya Porini

Watu wengi wanunuapo gari la kwendea porini hutazama mambo matatu: nguvu za injini, kimo cha gari kutoka ardhini, na ukubwa wa nafasi ya nyuma. Mambo hayo yote yastahili kutazamwa. Lakini liko jambo la nne lisilotazamwa na wengi, nalo limeandikwa papo hapo garini, juu ya kibati kidogo kilichopigiliwa karibu na mlango au chini ya boneti. Kibati hicho chaeleza uzito ambao gari halipaswi kuuzidi. Mtu aweza kuwa na gari kwa miaka kumi, akalibadilishia oili kwa wakati wake na kuliosha kila Jumamosi, asikisome kibati hicho hata siku moja.

Sababu yake si uvivu tu. Namba zile huandikwa pasipo maelezo, na azisomaye mara ya kwanza hudhani kwamba zasema jambo ambalo hazikulisema. Huona kilo 3,050, akafikiri kwamba gari laweza kubeba tani tatu. Huona kilo 3,500 katika karatasi za muuzaji, nazo ni za trela, akafikiri kwamba ni za mzigo wa nyuma. Kosa hilo si dogo. Mahali penye lami na mafundi, gari lililozidishiwa mzigo humgharimu mwenyewe fedha. Lakini katika nchi kavu, ambako kutoka kisima hadi kisima ni mwendo wa siku nzima kwa miguu, laweza kugharimu roho za watu.

JUMLA NA MZIGO

Neno la kwanza la kufahamu ni uzito wa jumla. Huu ni uzito wa kila kitu kinachobebwa na magurudumu ya gari lile: chuma chake, injini yake, mafuta yake, dereva, abiria, chakula chao, na shehena yote. Mtengenezaji, baada ya kuzipima nguvu za chasisi, ekseli, springi, breki na magurudumu, huweka mpaka na kusema kwamba usivukwe.

Neno la pili ni uzito wa gari tupu. Ukiutoa uzito wa gari tupu katika uzito wa jumla, kinachobaki ndicho kiitwacho uwezo wa mzigo. Hesabu yenyewe ni ya kutoa tu, na mtoto wa shule aweza kuifanya. Shida ni kujua neno "tupu" lina maana gani, kwa sababu wakubwa wa nchi mbalimbali hawakulipa maana moja.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, uzito wa gari lililo tayari kwenda huhesabiwa pamoja na dereva wa kilo 75, na tangi likiwa limejaa kwa sehemu 90 katika 100. Huko Australia gari huhesabiwa likiwa na tangi lililojaa, lakini bila dereva. Tena wanayo hesabu nyingine ambayo ndani yake tangi huwa na lita 10 tu za mafuta. Wajapani nao humhesabu kila abiria kuwa na kilo 55. Magari ya mizigo yaliyotumika Japani kabla ya kuletwa Kenya mara nyingi huwa bado yana maandishi ya Kijapani upande wa nyuma, pamoja na namba ya kilo. Wengi hudhani ni pambo. Kumbe namba hiyo ni uzito wa shehena iliyoruhusiwa kupakiwa nyuma, mbali na watu walioketi mbele.

Kwa hiyo magari mawili yaweza kuandikwa uwezo ulio sawa katika karatasi, ilhali moja limekwisha kumhesabu dereva na la pili bado. Mnunuzi mwenye busara humwuliza muuzaji swali moja: "Je, katika uzito huu wa gari tupu, dereva na mafuta wamo au hawamo?"

MAJINA YALIYOPOTEZA MAANA

Desturi ya kuyapima magari kwa tani ni ya zamani. Jeep lililotumiwa na jeshi la Marekani katika Vita Vikuu vya Pili liliitwa gari la robo tani. Tani ya Kimarekani ina ratli 2,000, hivyo robo yake ni ratli 500, yaani kama kilo 227. Lori kubwa la kampuni ya GMC lililotumiwa katika vita hivyo liliitwa lori la tani mbili na nusu. Jambo la kuangalia ni hili: wanajeshi waliuhesabu uzito huo kwa safari za porini, si kwa barabara nzuri. Katika barabara nzuri lori lile liliweza kupewa mzigo mkubwa zaidi. Wanajeshi walijua kwamba gari moja lina uwezo namna mbili, mmoja wa barabara na mwingine wa pori, na ule wa pori ndio mdogo.

Mwaka 1948 Kampuni ya Rover ya Uingereza ilionyesha Land Rover la kwanza huko Amsterdam. Maurice Wilks, aliyelifikiria, alikusudia gari la mkulima. Kwa kuwa chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, mwili wa gari ulitengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini, ambayo ni nyepesi na haili kutu kama chuma. Toyota nayo ilitoa gari lake la namna hiyo mwaka 1951, na mwaka 1954 likapewa jina la Land Cruiser. Magari hayo ya kwanza hayakuwa na starehe. Viti vilikuwa vigumu, na vumbi liliingia kila upande. Lakini wepesi wao ulikuwa na faida yake, kwani kila kilo isiyokuwa katika gari lenyewe yaweza kuwa kilo ya shehena.

Magari ya miaka ya baadaye yaliongezwa viti vya ngozi, mitambo ya kupoza hewa, vioo vinene na vyuma vya kuwakinga abiria wakati wa ajali. Vitu hivyo vina faida, lakini vina uzito. Chukua mfano wa Land Cruiser 200, lililotengenezwa tangu 2007 hadi 2021. Kwa lile lililouzwa Australia, uzito wa jumla ulikuwa kilo 3,350, na yale yenye mapambo mengi yalikuwa na zaidi ya kilo 2,700 yakiwa tupu. Uwezo uliobaki ulikuwa kama kilo 600. Wakiketi watu wazima wanane wa kilo 75 kila mmoja, kilo 600 zimekwisha, wala hapajapakiwa hata sanduku moja. Basi haifai kudhani kwamba gari kubwa na la bei kubwa lazima libebe zaidi. Mara nyingi pikapu isiyo na mapambo hulishinda.

HESABU YA SAFARI MOJA

Ili jambo hili lionekane wazi, ifikiriwe safari ya watumishi watano wa afya wanaotoka Marsabit kwenda North Horr kutoa chanjo, kwa njia ya Maikona na Kalacha inayopita katika jangwa la Chalbi. Gari lao ni Land Rover Defender 110, ambalo vibati vyake vingi huonyesha uzito wa jumla wa kilo 3,050. Ichukuliwe kwamba lilipopimwa likiwa na tangi lililojaa na bila mtu, lilikuwa na kilo 2,050. Uwezo wa mzigo basi ni kilo 1,000 kamili. Yeyote aonaye namba hiyo hufurahi, kwa kuwa yaonekana ni kubwa.

Sasa na vihesabiwe vitu vinavyoingia. Dereva na wenzake wanne, kila mmoja kilo 75, ni kilo 375. Bampa nene la chuma la mbele pamoja na wenchi ni kilo 90. Keria ya chuma juu ya paa ni kilo 60. Gurudumu la akiba la pili ni kilo 35. Mitungi minne ya maji, ya lita 20 kila mmoja, ni kilo 85 pamoja na mitungi yenyewe, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja. Lita 60 za dizeli ya akiba pamoja na vyombo vyake ni kama kilo 60, kwa sababu dizeli ni nyepesi kuliko maji. Jeki, sepetu, mnyororo, mbao za kupitia mchangani na vyombo vya fundi ni kilo 50. Mahema, malazi, chakula na masanduku ya baridi ya kutunzia chanjo ni kilo 100.

Jumla yake ni kilo 855. Kati ya zile kilo 1,000 zimebaki 145.

Hapo ndipo taabu huanza, kwa maana ukichungulia nyuma ya gari utaona bado pana nafasi. Macho hupima nafasi, hayapimi uzito. Mzee wa kijiji aomba magunia manane ya mahindi yapelekwe kwa jamaa zake. Ombi lake ni la haki, kwani magari ni machache na jamaa wana njaa. Dereva atazama nafasi na kusema, "Yataingia, Mzee." Ni kweli yataingia. Lakini gunia la mahindi lina kilo 90, na magunia manane ni kilo 720. Gari sasa lina kilo 3,625, yaani limezidi mpaka wake kwa kilo 575. Kwa hesabu ya kibati, gari lile lingeweza kupokea gunia moja, na la pili nusu yake tu.

Iko hasara nyingine isiyofikiriwa na wengi. Magari ya namna hiyo ndiyo mara nyingi hutumika kumleta mgonjwa hospitalini. Ikitokea njiani kwamba mama mja mzito ameshikwa na uchungu, naye na msindikizaji wake wahitaji kupakiwa, gari lililokwisha kujazwa kupita kiasi halina haki ya kuwapokea. Kilo 145 zile zilizobaki, ambazo dereva aliziona si kitu, zilikuwa ni nafasi ya watu hao wawili. Kwa sababu hiyo madereva wenye uzoefu hawajazi gari mpaka mwisho hata wanapoweza, bali huacha akiba.

Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Hakuna kitu kimoja katika orodha ile kilichokuwa kizito sana. Bampa liliwekwa mwaka mmoja, keria mwaka wa pili, wenchi mwaka wa tatu, na kila mara hapakuwa na mtu aliyekwenda kukitazama kibati upya.

MAHALI PA KUUWEKA MZIGO

Kibati hakitaji uzito wa jumla peke yake. Hutaja pia uzito unaoruhusiwa juu ya ekseli ya mbele na juu ya ekseli ya nyuma. Katika Defender 110 nyingi namba hizo ni kilo 1,200 mbele na kilo 1,850 nyuma. Zikijumlishwa, zapata kilo 3,050 barabara, sawasawa na ule uzito wa jumla. Maana yake ni kwamba hapana ziada hata kidogo. Ili gari lijazwe mpaka kilo yake ya mwisho pasipo kosa, mzigo lazima ugawanywe sawasawa kabisa kati ya mbele na nyuma. Na kwa kuwa karibu shehena yote hupakiwa nyuma, ekseli ya nyuma huzidiwa mapema, hata kama jumla bado haijafika.

Tena mzigo uliowekwa nyuma ya ekseli ya nyuma huzidisha uzito wake, kama vile mti wa pembea. Urefu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma katika Defender 110 ni inchi 110, yaani sentimita 279. Kitu cha kilo 100 kikifungwa mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo haipati kilo 100, bali kilo 136. Na ekseli ya mbele hupunguziwa kilo 36. Magurudumu ya mbele, yanayoongoza gari na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha, huwa mepesi juu ya ardhi. Usukani huwa laini isivyo kawaida, na dereva asiyejua hufurahia ulaini huo. Usiku taa zake humulika vilele vya miti badala ya barabara.

Trela nayo ina hesabu yake. Magari mengi ya porini huruhusiwa kuvuta kilo 3,500, lakini kuvuta si kubeba. Hata hivyo, ule mkono wa trela hukandamiza ndoana ya gari, na desturi ni kwamba mkandamizo huo uwe kama sehemu moja katika kumi ya uzito wa trela. Trela ya kilo 2,000 hukandamiza kwa kilo 200, na kilo hizo 200 hutolewa katika uwezo wa mzigo wa gari, kama kwamba ni magunia mawili na zaidi yaliyowekwa nyuma kabisa.

Kanuni ni nyepesi. Vitu vizito, kama maji, mafuta na nafaka, viwekwe chini na katikati, mbele ya ekseli ya nyuma, vikafungwa kwa kamba zisizolegea. Vitu vyepesi, kama magodoro na mahema, ndivyo viwekwe juu na nyuma.

JUU YA PAA

Paa la gari limedhulumiwa kuliko mahali pengine pote. Mara nyingi huonekana gari likipita na mitungi, magunia, mbuzi na watu juu ya keria. Lakini paa lina mpaka wake peke yake, ulio mdogo sana kuliko ule wa gari. Defender jipya la namba 110, lililoanza kuuzwa mwaka 2020, lilipewa na mtengenezaji ruhusa ya kilo 168 juu ya paa wakati wa kwenda, na kilo 300 likiwa limesimama. Namba ile kubwa ni kwa watu wanaolala juu yake katika hema, si kwa safari. Kilo 168 ni watu wawili wazima na mzigo mdogo tu.

Ubaya wa mzigo wa juu si kwamba paa litabonyea. Ubaya ni kwamba huinua kitovu cha uzito wa gari. Katika kona, au katika njia iliyoinama upande mmoja kama kandokando ya laga, gari lililobeba kilo 150 sakafuni husimama imara, na gari lile lile likibeba kilo hizo hizo paani laweza kupinduka.

LAMI NA PORI

Mabaharia walifundishwa jambo hili kabla ya madereva. Mwaka 1876 Uingereza ilitoa sheria iliyozilazimisha meli zake kuwekwa alama ubavuni, kuonyesha mwisho wa kuzama majini zikiwa na shehena. Sheria hiyo ilipiganiwa na Samuel Plimsoll, mbunge aliyewatetea mabaharia waliokuwa wakipelekwa baharini katika meli zilizojazwa kupita kiasi. Katika alama za meli za baadaye mna mistari kadha, wala si mmoja: uko mstari wa bahari za joto, mstari wa kiangazi, na mstari wa majira ya baridi, ambao u chini zaidi, kwa sababu bahari huchafuka. Bahari ikiwa mbaya, meli yapaswa kupakiwa kidogo. Nahodha wa jahazi la Lamu hakuhitaji kusomeshwa neno hilo.

Kibati cha gari kina mstari mmoja tu. Hakisemi kama njia ni lami au ni mawe. Dereva mwenyewe ndiye apaswaye kuujua mstari wake wa majira mabaya. Barabarani mzigo hutulia. Porini gurudumu liangukapo shimoni, mzigo wote huanguka nalo, na kwa nukta moja springi na ekseli hupokea uzito ulio mkubwa kuliko ule wa mizani. Barabara yenye makunyanzi hurudia pigo hilo mara maelfu kwa siku. Chuma hakivunjiki siku ya kwanza. Hupata ufa mdogo, na ufa hukua. Hivyo gari lililozidishwa laweza kwenda safari ishirini pasipo neno, likavunjika ya ishirini na moja, na mwenyewe akaapa kwamba mzigo haukuwa sababu, kwa kuwa aliubeba siku zote.

Magurudumu ndiyo yaumiayo kwanza. Ubavuni mwa tairi mna namba ya siri ya uzito: 100 maana yake kilo 800, 110 maana yake kilo 1,060, na 120 maana yake kilo 1,400. Namba hiyo ni ya tairi moja lililojazwa upepo sawasawa. Na dereva aingiaye mchangani, au katika chumvi laini ya Chalbi, hupunguza upepo ili tairi litandae lisizame. Afanya vema, lakini tairi lililopunguzwa upepo haliwezi tena kubeba uzito ule ulioandikwa. Likizidishiwa mzigo na mwendo, hupata moto ndani na kupasuka.

Breki nazo hupaswa kuondoa nguvu yote ya mwendo na kuigeuza kuwa joto. Uzito ukiongezeka kwa sehemu moja katika tano, joto nalo huongezeka kwa sehemu moja katika tano. Mteremko mrefu kama ule wa kutoka Iten kushuka Tambach kwenda bonde la Kerio hauna huruma kwa gari lililozidishwa. Breki hunuka, kisha hulegea, na dereva huikanyaga pedali pasipo kupata kitu. Ashukaye na mzigo lazima aingize gia ya chini tangu juu, asingoje.

SPRINGI NENE HAZITOSHI

Dawa ipendwayo na wengi ni kuongeza majani ya springi. Gari lililokuwa limeinama nyuma huinuka, na mwenyewe husema sasa laweza kubeba tani moja zaidi. Lakini kilichoinuka ni mkia wa gari, si uwezo wake. Ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, breki ni zile zile, na chasisi ni ile ile. Zaidi ya hayo, springi ngumu hupeleka pigo la shimo moja kwa moja katika chasisi, ambayo kwanza ilikuwa ikilindwa na ulaini wake. Kuinama kwa gari kulikuwa onyo, na onyo limenyamazishwa.

Hii si kusema kwamba uwezo hauwezi kuongezwa kamwe. Huko Australia iko njia ya kisheria: sehemu zinazohusika hubadilishwa, kazi hukaguliwa na watu walioidhinishwa, na gari hupewa kibati kipya chenye namba mpya. Tofauti ni ile ya mtu aliyeongezewa mshahara na mtu aliyejiandikia mwenyewe.

SHERIA NA MIZANI

Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, katika kifungu cha 56, yakataza gari kutumiwa barabarani likiwa na mzigo uliozidi ule uliotajwa na mtengenezaji wa chasisi, au ule uliokadiriwa na mkaguzi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 juu ya uzito wa magari yahusu yale yenye uzito wa jumla wa kilo 3,500 na zaidi; ndiyo maana malori hupimwa Mariakani, Gilgil na kwingineko, na magari madogo ya porini hupita. Lakini gari lisilopimwa na askari bado hupimwa na mawe, mchanga na mteremko, na hao hawatozi faini ya fedha.

Njia ya kujua ukweli si ngumu. Mwenye gari na aende penye mizani ya malori, kama zile za maghala ya nafaka au machimbo ya kokoto, akaombe kupimiwa. Kwanza apime gari likiwa na tangi lililojaa na vyombo vyake vya siku zote, bila watu. Kisha, siku ya safari, lipimwe likiwa na watu na shehena yote. Magurudumu ya mbele peke yake yakipandishwa kwanza mizanini, atapata uzito wa mbele. Akipandisha gari zima atapata jumla. Na akitoa moja katika nyingine atapata uzito wa nyuma. Namba hizo alinganishe na zile za kibati.

Wahenga walisema pia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika karakana na ofisi zenye magari mengi, yafaa kila gari liwe na namba tatu zilizoandikwa kwa rangi ndani ya mlango wa dereva: uzito wa jumla, uzito wa gari likiwa na vyombo vyake, na kilo zilizobaki. Hapo dereva hana haja ya kubishana na mzee wa kijiji wala na mkubwa wake wa kazi. Atamwonyesha kila mmoja namba ile, na kusema kwa adabu: "Mzee, zimebaki kilo hizi. Tuchukue gunia moja leo, na mengine safari ijayo." Neno hilo laweza kumchukiza mwenye magunia kwa siku moja. Lakini gari litafika, chanjo itafika, na siku ya kurudi patakuwa na nafasi kwa mgonjwa.